Musumari ya Kichwa, Musumari ya Tumbo

Baba Furaha,

Ni mimi, Kasuku. Mwandiko yangu unaijua, kama kuku yenye imekanyaga wino, lakini leo unisamehe kupita siku zote. Niko nakuandikia hapa kwako, mu kiwanja, chini ya bashi, turubai yenye tulifunga kwa muti ya avoka, juu ya sababu nyumba yako haina kichwa ya kukinga mvua tangu siku ya ine ya juma hii. Ni mimi niliiangusha. Nimeanza na ile kusudi usiisikie kwa mwingine. Kartye yetu ya Lumumba, huu mutaa wa Bunia, unaijua, habari yake inaweza kufika hata huko uliko.

Hakuna mwenye alikufwa. Mutoto wako Furaha iko muzima, alikuwa mu jiko na mama yake, wanachagua maharagi. Lakini gunia moja ya muchanga ilianguka kwa kitanda yake, ikapasukia pale pale anawekaka kichwa. Niliiona na macho yangu. Kama ingekuwa saa ya kulala... Acha. Siwezi kuandika ile.

Ngazi yako iko imesimama kwa ukuta. Mama Furaha anapita na ndoo, anaangalia ngazi, ananiangalia mimi, anapita. Unamujua vile anaangaliaka.

Nitakuelezea polepole, juu nikienda mbio nitatia uongo.

Tangu tulikuzika, sijapanda juu ya nyumba hata moja. Fundi wa manjanja, yale mabati ya juu ya nyumba, mwenye haguse manjanja. Niliuza viatu ya zamani, nikauza makarte ya telefone, nikauza dawa ya panya, panya wakaikula wakanenepa. Kwa kinywa niko vile vile, ku soko bamama wananiita wa kwanza wakitaka kucheka. Lakini wingu ikianza kunguruma upande ya ziwa, mimi njo wa kwanza kuingia chini ya kitanda. Shati yangu nyekundu niliigawa, juu wanasema radi inapenda nyekundu. Najua ungenicheka. Ulisemaka: "Radi haina adresi, Kasuku. Inatafuta tu mwenye iko juu." Sasa ile njo inaniogopesha kupita yote. Kama ingekuwa na adresi, ningehama.

Ku matanga yako, muzee mumoja alitoka kwenu Mahagi. Alikaa siku mbili, siku ya tatu akasema ile radi yenye ilikuua ilitumwa, akauliza nani alikuwa karibu na weye ile saa. Batu wote wakageuza shingo kwangu. Bibi yako njo alijibu. Alimwambia, "Muzee, kama radi ingekuwa ya kutuma, ningekutumia weye, unamaliza nyama yangu tangu juzi." Batu walicheka na machozi mu macho. Ule muzee naye alicheka. Lakini ile swali ilibaki mu tumbo yangu, juu nilikuwa karibu. Nitakuja kwa ile. Bado.

Kwanza video.

Mwezi hii ilipita kwa telefone ya kila mutu. Wingu moja nyeupe, kubwa kama nchi nzima, inazunguka polepole juu ya bahari, na katikati iko na kitundu kama jicho. Kisha inaonesha manjanja za batu zinaruka mu hewa kama makaratasi, mama mumoja anashika mulango yenye haina tena nyumba. Chini, mutu mwenye hakuna anayemujua aliandika kama ile kitu imeacha bahari, iko natembea nchi kwa nchi, siku tatu itakuwa Bunia.

Woga ikanikamata. Na palepale, juu njo vile Mungu aliniumba, nikaona kazi. Nilikumbuka musumari yako.

Unakumbuka pale Bambu, ku kazi yetu ya mwisho? Saa ya kula, tumekaa juu ya manjanja zenye zilibaki, bukari na sombe katikati yetu. Batoto walikuwa wameacha mupira yao ya masasheti, ile mifuko ya plastiki, na kamba ya ndizi mu kiwanja. Uliichukua, ukachoma musumari mu kichwa yake, ukafunga kapapier, kakaratasi kadogo, kwa ile musumari kama bendera. Ukaniambia hii ni dunia, na dunia iko mviringo, si sahani, na inajizungusha. Ile ulijifunza zamani, wakati ulikuwa nafagia kwa meteo ya uwanja wa ndege na unapima mvua mu chupa yao. Ukazungusha mupira. Musumari ya kichwa ikajizungusha juu ya muguu yake yenyewe: kapapier inatazama Aru, inatazama Bunia, inatazama ziwa, inarudi Aru. Ulisema upepo yenye iko kule kwa kichwa ya dunia inazungushwa vile vile, hata haitake, juu chini yake inageuka. Nilisema, "Patron, njo sababu Bazungu wanalewa haraka." Ulicheka mpaka sombe ikakupita vibaya, nikakupiga mugongo.

Kisha ulichoma musumari ya pili, na kapapier yake, kwa tumbo ya mupira. Ukasema, "Sasa hapa njo siye." Na telefone yangu ikalia. Ilikuwa mutu wa viatu, mwenye nilikuwa napanga naye biashara. Nikasimama. Ukaniambia, "Kaa tumalize, Kasuku, hii nusu njo yetu."

Nikakujibu, "Nimeelewa yote, patron."

Baba Furaha, nilizunguka Lumumba yote na nusu ya dunia mu kinywa. Nilienda nyumba kwa nyumba. Nilisema dunia inajizungusha, upepo inazunguka na yenyewe, ile kitu ya mu telefone haina kitu ya kuizuia, itakuja kutungoa kama mizizi ya muhogo. Walipotaka kucheka, nilitaja jina yako. Nilisema, "Si mimi ninasema, ni marehemu, alinionesha na musumari." Hapo waliacha kucheka. Jina yako iko na uzito hapa, kupita hata gunia.

Niliuza magunia ya muchanga ya kulemeza nyumba. Nyumba saba za barabara yetu. Bakijana wenye nguvu njo walipanda, mimi nilisimama chini natoa amri kama komanda. Nyumba ya munane ilikuwa yako. Ile sikuuza. Ile niliifanya na roho yangu. Na juu nilikuwa nakupenda, nilitia magunia mingi kupita ya wengine wote. Mama Furaha aliuliza mara moja tu, "Kasuku, uko na hakika?" Nikamujibu kama siku zingine nakuwaka na hakika kidogo, lakini ile siku nilikuwa nayo yote.

Siku ya tatu, upepo ya video haikufika. Siku ya ine ilifika mvua yetu.

Haikutoka kwenye video ilisema. Haikuzunguka. Saa saba jua ilikuwa inachoma, saa nane wingu ilisimama upande ya ziwa, ikavimba, ikaota kichwa kama povu ya sabuni, na saa tisa ikaachilia yote mara moja, toka juu, kama mutu amepindua pipa. Mimi nilikuwa wapi? Chini ya kitanda, vidole mu masikio. Kati ya nyumba yangu na yako kuko ukuta moja tu, na hata na vidole mu masikio nilisikia. Muchanga yenye imekauka ni kitu ingine, na muchanga yenye imekunywa maji ni kitu ingine kabisa. Magunia ilikunywa mpaka ikashiba. Miti yako ya mukaratusi yenye inabeba manjanja, yenye ulichagua moja moja, ilivunjika katikati. Njanja ya juu kabisa, ile tunaita kofia, ilitoka na misumari yake. Nilikimbia pale nikakuta Mama Furaha anamukamata Furaha kwa kifua, wametoka mu jiko, maji inawaangukia mu sebule, hakuna mwenye analia. Ingekuwa heri walie.

Siku yenye ilifuata nilikuja na kofia mu mikono. Nilitayarisha hata kichekesho kidogo. Hakikutoka.

Hakunitukana. Aliingia mu chumba, akatoka na mufuko yako ya kazi, ile walileta toka Bambu pamoja na weye. Akatoa ule mupira wa masasheti. Misumari yote mbili iko ndani bado, na kapapier zake. Furaha anaiwekaka kando ya kitanda, anasema ni dunia ya baba.

Mama Furaha akaniuliza nani alinifundisha kulemeza nyumba. Nikasema ni weye. Akakaa chini.

"Miaka kumi na mbili nililala na ule mwalimu," akasema. "Unafikiri ku kitanda alikuwa ananiambia maneno ya mapenzi?"

Akazungusha mupira mbele ya macho yangu. Akasema niangalie kapapier ya tumbo, si ya kichwa. Niliangalia. Ya kichwa ilikuwa inageuka juu ya muguu yake kama mulevi. Ya tumbo ilikuwa inabebwa tu, kama mutu mwenye amepanda lori. Inaenda mbio kupita ile ya kichwa, lakini haijigeuze. Kapapier yake inabaki kutazama upande moja, upande ya kichwa, mupira izunguke namna gani.

"Siye tuko hapa," akasema, na akaweka kidole kwa ile musumari. "Ile upepo kubwa inatafuta pahali kwenye dunia ya chini yake inaizungusha. Ikija huku kwa tumbo, nani ataizungusha? Inachoka, inaachana."

Alinieleza kama dunia ingekuwa sahani, kila pahali pangegeuka sawasawa, na ile kitu ya mu telefone ingeweza kutufikia mpaka kwa mulango. Ni ile mviringo njo inatuchunga. Na kuko ingine. Jua, juu ya ile mviringo, siye inatupiga mu tumbo moja kwa moja, lakini wale wa mabega ya dunia, kati ya tumbo na kichwa, inawapiga ubavu, na wa kichwa inawagusa tu kama salamu ya mutu mwenye haraka. Basi kule kwa mabega joto na baridi wanakutana kama bibi wawili mu nyumba moja. Mumoja anasukuma, mwingine anasukuma, chini inawazungusha, na vita yao inapita juu ya nchi mingi, siku na siku. Huku kwetu baridi haifike. Joto iko peke yake, haina mwenye ya kugombana naye. Inafanya nini? Inapanda. Inapanda moja kwa moja, inavimba, inashindwa kujibeba, inaanguka palepale ilitoka. Njo sababu mvua yetu inaweza kupiga Lumumba na ku aeroport wanaanika nguo.

Kisha alisema ile maneno yako, na sauti yako kabisa, nikataka kukimbia: "Hapa hatulemeze nyumba, tunaifunga." Na waya, toka muti mpaka ndani ya ukuta. Ulinionesha ile mara mia. Niliisahau juu ya video moja.

Nilidhani nikijua nusu ya pili, woga itapunguka. Imeongezeka. Ile mviringo yenye inatukinga na upepo ya bahari, njo ileile inatupatia radi. Joto yenye inapanda na kuvimba na kuota kichwa, njo nyumba yake. Tuko kwa tumbo ya dunia, patron. Hakuna pa kuhamia. Hata niende Aru, tumbo ni ile ile.

Na nyumba saba ziko bado na magunia yangu juu.

Niliwaambia. Niliwaambia siku ileile, mulango kwa mulango, washushe mbele ya mvua ingine. Walicheka mpaka wakashika viti. Mama mumoja mwenye anauza makaa alisema, "Juzi upandishe, leo ushushe, kesho Kasuku atatuuzia ngazi." Niliona kosa yangu iko wapi. Nimewachekesha miaka yote, hawajue sura yangu ya kweli ikoje. Nikamuomba Mama Furaha niite fundi mwingine, afunge yako kwanza, nyumba ya marehemu, batu wataona wataamini. Alikataa. Alisema kitu moja tu. Batu wa hapa wote wanajua Kasuku hapande tena. Siku wataona Kasuku iko juu, kila mutu atashusha gunia yake bila kuuliza.

Nilijaribu siku ya tano. Nilipanda vidaraja vitatu, nikashuka, nikasema nimesahau nyundo. Nyundo ilikuwa mu mukaba ya kiuno yangu. Jana nilifika cha ine. Kulikuwa hata hakuna wingu, ila avio moja ilitoka ku aeroport ikapita na kelele yake, na nikajikuta chini, nimekumbatia ngazi kama mutoto na mugongo ya mama. Batu walicheka. Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nakufwa.

Sasa ile swali ya muzee wa Mahagi. Sijamwambia mutu, hata padri. Nitakuambia weye.

Ile siku Bambu, nilipomaliza na mutu wa viatu, ulikuwa umesharudi juu. Wingu ilikuwa imeota kichwa. Sheria ni yako: ikiota kichwa, fundi anashuka. Lakini kofia ya nyumba ilikuwa imebakiza misumari ine tu, na ulisema ukiiacha wazi upepo itaichukua na batoto wa ndani watalowa. Ulinituma chini kwa mufuko, nilete ine. Nilizipata mara moja. Nilikuwa nazo mu mukono, Baba Furaha. Nilikuwa narudi. Pale chini ya ngazi mama mumoja mwenye anauza mikate alinisalimia, nikamutania kidogo juu ya mikate yake, akacheka, nikaongeza, akacheka tena. Ulipiga firimbi mara mbili. Nikainua mukono kusema ninakuja. Na nikaongeza kichekesho kimoja cha mwisho, juu kilikuwa kizuri.

Sikumbuke kilikuwa nini. Kila siku naitafuta mu kichwa, na siikumbuke. Nakumbuka tu mwangaza, na ule mama bado iko na kinywa wazi ya kucheka.

Ungekuwa umepiga ya ine na kushuka. Radi haina adresi, lakini mimi njo nilikuacha juu.

Ile misumari ine ninayo. Inalala mu mufuko ya suruali, nikibadilisha suruali inahama na mimi. Niko nazo hapa sasa, zimeanza kutu kidogo kwa jasho yangu.

Ni siku ya mungu, saa ine ya asubui. Batu wako ku misa, barabara iko kimya, hakuna wa kucheka. Nimeangalia upande ya ziwa. Kuko wingu moja ndogo, ya bapa, haijaota kichwa. Kufuatana na sheria yako niko na saa tatu, labda ine. Miti mipya imeshafika. Waya iko hapa. Mama Furaha amekuja sasa hivi, amesimama kando ya ngazi, ameikamata na mikono mbili.

Kasuku gani anaogopa juu? Njo vile ungesema. Cheka, patron, leo nakuachia ucheke peke yako, mimi kinywa yangu imekauka.

Nakuahidi hii. Nitashusha magunia yenye imebaki hapa kwako, kisha za nyumba saba, moja moja, mbele ya lile wingu kuota kichwa. Likiota, nitashuka, hata nikibakiza musumari moja, na nitarudi siku yenye inafuata. Furaha nitamufundisha musumari mbili, si moja, na telefone yangu itakuwa imezimwa. Na jina yako sitaiuza tena kwa mutu.

Hii barua sijue posta gani inafika kwako. Nimefikiri. Nitaikunja ndogo, niifunge mu sasheti moja ya ule mupira, niiweke chini ya kofia ya nyumba yako, pale juu kabisa, kwenye hakuna mutu anafika ila fundi. Kisha nitaipigilia ile kofia na zile misumari ine.

Lala vizuri, Baba Furaha. Kama unasoma hii, basi nilipanda.

Kasuku yako